Vita vya Dakika 38 Mezani: Jumba Utalijenga, Waliokuwemo Je?

Wadau, kila ikifika tarehe 27 Agosti mitandao inajaa ile stori: vita vifupi kuliko vyote vilipiganwa Zanzibar mwaka 1896, dakika 38 tu. (Wengine wanasema 45, inategemea saa ya nani.) Watu wanacheka, wanashea, wanasepa.

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanacheza vita juu ya meza na wanavijenga kwa mikono. Wanakata foamu vipande vya mraba, sentimita 30 kwa 30 au 60 kwa 60: hiki pwani, hiki mtaa, hiki bahari. Wanavipanga, kesho wanavipangua wanapata uwanja mwingine. Hebu tuijenge Forodhani hivyo, maana ukiijenga ndio unaelewa kilichotokea.

Foamu nyeupe ya kwenye boksi la TV inamwaga punje ukiikata. Tafuta ile ngumu, inakatika safi. Rangi ya kupuliza usiipige moja kwa moja, itaiyeyusha; pakaa kwanza gundi nyeupe ya mbao. Unataka ukuta wa mawe ya matumbawe? Finyanga foili, igandamize juu yake. Na Mji Mkongwe wenyewe unakurahisishia kazi: vyumba vya zamani ni vyembamba kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Kata kipimo kimoja, rudia mtaa mzima.

Sasa panga ufukweni: Beit al-Sahel, Beit al-Hukm, Beit al-Ajaib, na mnara wa taa mbele yake. Ukisimama upande wa bahari unaona tatizo mara moja. Majengo hayo si ngome. Ni majumba ya Sultani, yameipa bahari uso.

Na baharini kuna meli tano za Mwingereza: St George, Philomel, Thrush, Racoon na Sparrow, chini ya Admirali Rawson. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25, Khalid bin Barghash akaingia jumbani bila idhini yao, wakampa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 atoke. Hakutoka. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza. Meli ya Sultani, Glasgow, ilijibu, ikazamishwa. Milingoti yake ilibaki juu ya maji hadi 1912. Kwa hiyo kwenye kipande chako cha bahari choma vijiti vitatu, basi.

Kipande cha pwani kitengeneze mara mbili, maji kupwa na maji kujaa. Kwa nini? Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, na nje alisubiriwa akamatwe akikanyaga tu ardhi ya Zanzibar. Tarehe 2 Oktoba maji yakajaa yakafika hadi ubalozini, boti ya Wajerumani ikasogea, akapanda bila kukanyaga mchanga, huyooo Dar es Salaam. Ujanja wa hali ya juu, tumpe maua yake. Waingereza walimpata 1916, wakampeleka uhamishoni, akafariki Mombasa 1927.

Huyo tunamjua. Ila ndani ya jumba walikuwemo watu kama 2,800: walinzi, watumishi, watumwa, watu wa mjini waliochukua silaha. Karibu 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa pili aliumia vibaya baharia mmoja. Na nchi kavu, pamoja na Waingereza, walisimama askari kama 900 wa Zanzibar chini ya Lloyd Mathews. Yaani watu wa mji mmoja, pande mbili.

Wacheza mezani huwa wanachora sare na bendera vizuri sana. Sasa mtumwa aliyekuwa anabeba maji ghorofa ya chini ya Beit al-Hukm utamvisha nini? Hadhi ya kisheria ya utumwa ilikuja kufutwa Aprili 1897, miezi saba na ushei baadaye. Mimi ningemchonga, ningemweka mlangoni, na ningeacha paa lifunguke ili anayecheza upande wa meli amwone kabla ya kurusha dadu.