Mtuhumiwa Si Mhalifu Mpaka Ithibitike: Mafunzo ya Historia Kuhusu Kesi za Ugaidi



Ndugu wazazi na wanafunzi wetu, sisi wa Kabuta na ufukwe mzima wa Ziwa Mweru tumezoea kuishi na wageni. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, boti zinakuja na kurudi, na tangu mwaka 2018 wilaya yetu ya Nchelenge ina makazi ya wakimbizi ya Mantapala. Penye wageni wengi, maneno mazito hutupwa kwa wepesi. Neno "gaidi" ni mojawapo.

Wanafunzi wa madrasa hutuuliza: Muislamu akikamatwa kwa tuhuma za ugaidi, tumtetee kwa kuwa ni ndugu yetu, au tumlaani kwa kuwa redio imesema? Swali hili tusilipuuze, maana kijana asiyejibiwa na mwalimu wake atajibiwa na mtu mwingine. Tuitazame historia.

Damu ya Agosti 1998

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Wamarekani katika hao walikuwa 12. Waliobaki ni watu wa kwetu: makarani, madereva, wapita njia. Maelfu walijeruhiwa, na wengi walipofuka kwa vioo.

Tuseme wazi kabla ya yote: kitendo hiki hakina utetezi katika dini yetu. Qur'an inafundisha kuwa kuua nafsi moja bila ya haki ni kama kuua watu wote. Waliofiwa wana haki ya kuona wauaji wakihukumiwa. Swali letu ni: wahukumiwe vipi?

Wazanzibari wawili, njia mbili

Wazanzibari wawili walitiwa hatiani kwa mambo ya siku ile. Wa kwanza, Khalfan Khamis Mohamed, alikamatwa Cape Town Oktoba 1999, akakabidhiwa kwa Wamarekani haraka haraka bila ahadi kwamba hatanyongwa. Tarehe 28 Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikasema serikali yake ilivunja sheria kumtoa namna ile, na ikaamuru hukumu hiyo ipelekwe New York. Kesho yake wazee wa baraza huko New York wakamkuta na hatia. Lakini Julai walishindwa kukubaliana kuhusu adhabu ya kifo, na tarehe 18 Oktoba 2001 akafungwa maisha. Angalieni tarehe hiyo: ni wiki chache tu baada ya Septemba 11, katika mji ule ule uliokuwa bado unazika watu wake.

Wa pili, Ahmed Khalfan Ghailani, alikamatwa Pakistan Julai 2004. Yeye alipelekwa katika magereza ya siri ya CIA, akahojiwa kwa shuruti, kisha akapelekwa Guantanamo mwaka 2006. Aliletwa mahakamani New York mwaka 2009 tu. Hapo madhara ya njia ile yakaonekana. Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi muhimu wa serikali, kwa kuwa jina la shahidi huyo lilipatikana kwa kumshurutisha mtuhumiwa. Novemba 2010 Ghailani akaachiwa mashitaka zaidi ya 280 na kutiwa hatiani kwa shitaka moja. Januari 2011 naye akafungwa maisha.

Sasa pimeni wenyewe. Wa kwanza alihukumiwa ndani ya miaka miwili hivi tangu kukamatwa. Wa pili ilichukua zaidi ya sita. Adhabu ni ile ile. Jela za siri hazikuongeza haki hata chembe, bali ziliwachelewesha waliofiwa na nusura ziivuruge kesi.

Kesi iliyopita Zambia

Julai 2005, baada ya mabomu ya London yaliyoua watu 52, Zambia ilimkamata Haroon Aswat, raia wa Uingereza. Magazeti ya nje yakamwita kiongozi wa mabomu yale. Agosti akarudishwa Uingereza, na hakushitakiwa kwa mabomu ya London hata siku moja. Shitaka lake halisi lilikuwa la Marekani: kusaidia kuanzisha kambi ya mafunzo huko Oregon miaka ya nyuma. Alipelekwa Marekani mwaka 2014, akakiri mwaka 2015, akafungwa miaka 20.

Hapa pana mafunzo mawili. Tuhuma za magazeti hazikufikishwa mahakamani, na asiyeshitakiwa kwa jambo moja aliweza kuwa na hatia ya jingine. Ndiyo maana mtu hushitakiwa kwa kitendo chake, kwa tarehe na mahali, si kwa jina alilobandikwa.

"Upelelezi haujakamilika"

Tanzania ilitunga sheria ya kuzuia ugaidi mwaka 2002. Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar, akiwamo Sheikh Farid Hadi Ahmed, walifunguliwa mashitaka ya ugaidi mwaka 2014 Dar es Salaam. Kesi ikaahirishwa mara kwa mara, dhamana hakuna. Juni 2021 mashitaka yakafutwa, wakarudi nyumbani. Takriban miaka saba, na hakuna jaji aliyesema wana hatia. Watoto wamekua bila baba. Hiyo ilikuwa adhabu kabla ya hukumu. Na kama palikuwa na waliodhulumiwa, nao hawakupata jibu.

Jina hubadilika

Wazee wetu wanajua kuwa jina hufuata mwenye nguvu. Waingereza waliwaita Mau Mau magaidi, wakanyonga zaidi ya Wakenya 1,000. Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957, na leo sanamu yake iko katikati ya Nairobi. Mwaka 2013 Uingereza ilieleza majuto na kukubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa. ANC ya Afrika Kusini ilikuwa na makao yake hapa Zambia, Lusaka, ikiitwa ya kigaidi. Jina la Mandela liliondolewa katika orodha ya Marekani mwaka 2008, akiwa na miaka 90 hivi.

Hatusemi kila anayeitwa gaidi ni shujaa. Waliolipua Nairobi si mashujaa. Tunasema jina peke yake si ushahidi.

Sayyidna Ali na Khawarij

Umma wetu ulikutana na jambo hili mapema. Khawarij walimkufurisha Sayyidna Ali (RA), wakamtukana msikitini. Hakuwafunga kwa maneno yao, wala hakuwazuia misikiti. Walipomuua Abdullah bin Khabbab na mkewe mjamzito, ndipo alipowataka wawatoe wauaji. Hakuanza kwa kutaka kichwa cha kila Khariji. Waliposema wote wameshiriki, ndipo vikawa vita vya Nahrawan, mwaka 38 Hijria.

Na mwaka 40 Ibn Muljam alipompiga upanga, inapokewa kuwa Ali akiwa kitandani aliusia mfungwa yule alishwe na anyweshwe. Akifa, mwuaji apigwe pigo moja kama alilopiga, na asikatwekatwe viungo. Huyo ni muuaji wa Khalifa, ameshikwa na upanga wake!

Wanazuoni wetu pia wameiweka hiraba, yaani kuwavamia watu kwa silaha na kuwatia hofu, katika makosa yenye adhabu kali kabisa. Lakini kadiri adhabu inavyokuwa kali, ndivyo ushahidi unavyotakiwa kuwa wazi, na shaka humfaa mshitakiwa.

Tufanye nini?

Zambia ilikuwa na sheria ya ugaidi ya mwaka 2007, ikafuatiwa na ya 2018, na mwaka 2022 ilifuta adhabu ya kifo. Siku mtu wa kwetu atakapokamatwa, tusimfiche mhalifu, na tusimhukumu mtuhumiwa. Tudai mambo manne: ashitakiwe kwa kitendo kinachojulikana, apelekwe mahakama ya wazi mapema, asiteswe, na akitiwa hatiani, aadhibiwe yeye, si mkewe, si msikiti wake wala kabila lake.

Wazazi, wafundisheni watoto wasilitumie neno hili kwa mzaha, wala kwa jirani aliyevuka ziwa jana akikimbia vita. Na kijana akisikia mtu anahalalisha damu za wapita njia, aje atuambie mapema. Kunyamaza nako kuna waliofiwa.

Wabillahi tawfiq.