Désiré na kitufe cha kufuta: historia ya herufi é ndani ya mashini

Wakaaji wa Kampemba, na ndugu wote wenye walikimbia vijiji vyao, kuna swali moja linalorudi kila mara: kwa nini jina limeandikwa vizuri kwenye karatasi moja, halafu kwenye orodha nyingine linatoka na alama ya kuuliza katikati? Wengi wanamlaumu karani. Mara nyingine ni yeye kweli. Lakini kuna kosa lenye lilizaliwa mbali sana na Lubumbashi, na linatokea wakati mtu anafuta, si wakati anaandika.

Tuchukue jina Désiré, maana liko karibu kila avenue hapa kwetu. Kwa macho lina herufi 6. Kwa kompyuta za leo lina baiti 8. Baiti ni kale kachumba kadogo ambamo mashini inaweka herufi, na kila é inachukua vyumba viwili. Sasa karani anaandika Désiré katika dirisha la amri, lile jeusi lisilo na picha, watu wa kazi wanaliita terminali. Anaona si mtu huyo, anabonyeza kitufe cha kufuta mara 6. Kwenye kioo hakuna kitu tena. Anaandika Paul.

Lakini kama mashini inafuta baiti moja kwa kila mbonyezo, imefuta 6 tu kati ya 8. D na nusu ya é ya kwanza zimebaki ndani, hazionekani. Orodha inapokea D, alama ya ajabu, kisha Paul. Siku Paul anakuja kutafutwa kwenye orodha, mashini inalinganisha herufi kwa herufi na kusema hayupo. Naye amesimama pale, kadi mkononi.

Mambo haya yalianza na mkanda wa karatasi. Kabla ya vioo, mashini zilitoboa mkanda, na herufi moja ilikuwa mstari mmoja wa matundu. Ukikosea, ulirudisha mkanda hatua moja na kutoboa matundu yote 7, na mashini ya kusoma iliruka pale. Ndiyo sababu katika ASCII, orodha ya alama ambayo Wamarekani waliitoa mwaka 1963, alama ya kufuta ni namba 127, ya mwisho kabisa: matundu yote wazi. Orodha hiyo ilikuwa na nafasi 128, na é haikupata hata moja. Kiingereza hakikuihitaji. Unix, iliyoanza Bell Labs mwaka 1969, ikarithi mazoea hayo: hatua moja nyuma, herufi moja.

Hapa kwetu é ilikuwa na safari yake. Mji huu uliitwa Élisabethville mpaka 1966, lakini mashini za kuandika za Kifaransa zilikuwa na kitufe cha é ndogo, si cha É kubwa, kwa hiyo jina la mji lilipigwa mara nyingi bila aksenti. Mwaka 1972 Mobutu, yeye mwenyewe Joseph-Désiré, akakataza majina ya Kikristo. Désiré akatoka kwenye karatasi za serikali, akabaki parokiani na nyumbani. Miaka ya 1990 majina yakarudi, na kompyuta zikaja nyuma yake.

Wakati huo kompyuta nyingi zilifuata orodha ya mwaka 1987, ISO 8859-1, yenye kuipa é baiti moja, na kufuta kulikwenda sawa. Shida ni kwamba ilikuwa orodha ya Ulaya ya Magharibi. Mwarabu hakuwamo, Mchina hakuwamo, wala ɛ na ɔ za Kilingala. Septemba 1992 Ken Thompson na Rob Pike wakatengeneza UTF-8, yenye nafasi ya lugha zote. Sisi wa Katanga mwaka ule tunaukumbuka kwa mengine, familia zilizofukuzwa zikilala kwenye stesheni ya treni ya Likasi. UTF-8 ni kazi nzuri, sibishi. Ila herufi za Kiingereza zilibaki na baiti moja kila moja, na mzigo wa baiti ya pili ukaangukia wengine.

Linux ilijifunza mwaka 2004, katika toleo 2.6.4, ilipopata swichi inayoitwa IUTF8. Ikiwashwa, mbonyezo mmoja unaondoa é nzima. Lakini anayefanya kazi kwenye kompyuta ya mbali kupitia SSH alingoja mpaka 2017 ndipo swichi hiyo ikaandikwa katika kanuni za SSH. Mashini za zamani hazijui hilo hata leo. Programu za kawaida za ofisi hazina tatizo hili. Liko kwenye dirisha jeusi. Na ɛ ya Kilingala yenye alama ya sauti ya juu bado inasumbua: jicho linaona herufi moja, mashini inahesabu mbili, ɛ na alama yake, baiti 4. Mbonyezo mmoja unaondoa alama, ɛ inabaki imejificha.

Wenye kuandika majina kwenye dirisha hilo, msifute herufi kwa herufi. Bonyezeni Ctrl na U pamoja, mstari wote unaondoka, halafu mwanze upya. Na wewe unayeandikishwa, mwombe karani akusomee jina lako kutoka orodha iliyokwisha kuhifadhiwa, si kutoka mstari alipokuwa anaandika.