Kicheko cha Aliyevuliwa Kilemba

Mwezi wa Julai 1956 yalitokea mambo mawili ambayo hakuna aliyeyaweka katika mizani moja. Tarehe 6, Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilionesha katika televisheni kwa mara ya kwanza mchezo wa Hancock's Half Hour, ambao wasikilizaji wa redio walikuwa wameuzoea tangu 1954. Tarehe 26, Gamal Abdel Nasser aliuhutubia umma mjini Alexandria na kutangaza kuwa Mfereji wa Suez umekuwa mali ya Misri. Kabla mwaka haujaisha, majeshi ya Waingereza yaliteremka Port Said, Marekani ikakunja uso, na majeshi yakarudi yalikotoka bila ya mfereji. Sisemi kwamba jambo la pili ndilo lililolizaa la kwanza. Kalenda yenyewe yakataa. Nisemalo ni kwamba yule bwana aliyeanza kuonekana mwezi ule, kofia kichwani, koti lenye kola ya manyoya mwilini, mwenye kujiona mkubwa ndani ya nyumba chakavu ya kitongoji cha London, alikuwa picha ya taifa zima ambalo kiti chake kilikuwa kimeanza kulegea miguu.

Vijana wanaosoma fasihi ya Kiingereza huniuliza: mtu ambaye hajapata kuviona vichekesho vya zamani vya televisheni ya Uingereza aanzie wapi? Jawabu la kawaida ni kumpa kile kinachovunja mbavu zaidi. Mimi naona mgeni akianza hivyo atacheka usiku na kusahau asubuhi. Wapenzi wa ushairi wanajua kwamba kijembe hakina makali kwa asiyemjua aliyekusudiwa. Na aliyekusudiwa katika michezo hii, ile iliyo bora, ni Mwingereza mwenyewe: mtu aliyevuliwa kilemba lakini bado anatembea kama anacho. Sisi wa visiwa hivi tulikuwa chini ya himaya yake tangu 1890 hadi 1963, tukamtazama kutoka chini. Hapa tunampata akijitazama mwenyewe, nyumbani kwake, na mlango ukiwa wazi.

Chimbuko la vichekesho hivi ni kitanda cha mgonjwa. Ray Galton na Alan Simpson walikutana mwishoni mwa miaka ya 1940 katika hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu huko Milford, Surrey, wote wawili wakiwa vijana wasiotimiza miaka ishirini. Maradhi yale yalimlaza mtu kwa miezi na miaka. Hapakuwa na la kufanya isipokuwa kutazama dari, kusikiliza redio, na kuzungumza na jirani wa kitanda. Wakaanza kuandika vichekesho vifupi kwa ajili ya redio ya ndani ya hospitali. Walipotoka walikuwa wamejifunza jambo ambalo wachekeshaji wengi wa jukwaani hawakulijali: kwamba watu wawili waliofungiwa chumba kimoja, wasio na pa kwenda, wana ya kuchekesha ya kutosha hata kama hakuna anayeteleza wala kupigwa kwa ndoo.

Wao ndio waliomwandikia Tony Hancock. Sehemu yake mashuhuri, ya mwaka 1961, inamwonesha akienda hospitali kujitolea damu. Anaingia kifua mbele, akijisifu kwa wema wake na kwa ubora wa damu yake. Anapochomwa kidole ili damu ipimwe, anadhani kazi imekwisha na anajiandaa kuondoka. Anapoambiwa kwamba inatakiwa painti nzima, ushujaa wote unamtoka. Mwishowe anatoa, kisha anajikata kwa kisu cha mkate, anarudishwa hospitalini, na damu anayotiwa ni ile ile yake, kwa kuwa ni ya aina adimu. Mtu anatoa sadaka akitaka asifiwe, na sadaka inamrudia mwenyewe. Hadithi hii haihitaji mkalimani katika pwani yoyote.

Hata hivyo, mgeni nisingemwanzisha na Hancock. Ningemwanzisha na kazi ya waandishi hao hao iliyooneshwa tarehe 5 Januari 1962, kwa jina la The Offer, ambayo ndiyo iliyozaa mfululizo wa Steptoe and Son. Albert Steptoe na mwanawe Harold ni wanunuzi wa makorokoro. Hupita mitaani na gari la farasi wakikusanya vyuma, mitumba na samani zilizovunjika. Harold ana umri wa miaka thelathini na kitu, anasoma vitabu, anapenda muziki wa kistaarabu, na anataka kuondoka. Baba yake mchafu, mlaghai, mwenye kulialia, hataki abaki peke yake. Siku ile Harold amepata kazi kwingine. Anapakia vitu vyake juu ya gari, lakini baba anamkatalia farasi. Harold anajitia mwenyewe mbele ya gari na kulivuta. Gari halisogei. Analia machozi ya kweli, na mzee anamshika mkono na kumrudisha ndani akanywe chai.

Hapo hapana mzaha, na ndipo taarikhi ya vichekesho vya televisheni ya Uingereza ilipogeuka. Galton na Simpson hawakuwapa kazi hiyo wachekeshaji; waliwapa waigizaji wa tamthilia nzito, Wilfrid Brambell na Harry H. Corbett. Brambell alizaliwa 1912 na Corbett 1925, kwa hiyo "baba" alimzidi "mwana" miaka 13 tu. Lakini nani angeuliza? Mchezo ulitazamwa na watu zaidi ya milioni 20, ukaendelea hadi 1974. Katika uchaguzi mkuu wa tarehe 15 Oktoba 1964, Harold Wilson, kiongozi wa chama cha Labour, alihofu kuwa wapiga kura wake, ambao wengi walikuwa wafanyakazi wanaorudi nyumbani jioni, wangekaa kumtazama Steptoe wasende vituoni. Alimwendea mkuu wa BBC, Hugh Greene, na mchezo ukasogezwa hadi saa tatu usiku, vituo vilipokuwa vinafungwa. Labour ilishinda kwa wingi wa viti vinne tu. Ni mara chache mwanasiasa amekiri waziwazi namna hiyo kwamba kicheko kina nguvu kuliko hotuba.

Baada ya baba na mwana, mgeni apelekwe kwa wazee wa Dad's Army, walioandikwa na Jimmy Perry na David Croft, sehemu 80 tangu 1968 hadi 1977. Mwezi wa Mei 1940, Ufaransa ikiwa inaanguka, serikali ya Uingereza iliwaita wanaume wasiokuwa jeshini wajiandikishe kuwa mgambo. Katika mji wa kubuniwa wa Walmington-on-Sea, meneja wa benki, Mainwaring, anajipa ukapteni. Sajini wake, Wilson, ni karani wake wa benki, lakini amezaliwa katika ukoo bora kuliko wake, na jambo hilo linamuuma Mainwaring kila siku kuliko Wajerumani. Sehemu moja ya mwaka 1973 inatosha kumfanya mtu awe mpenzi wao wa maisha. Nahodha wa manowari ya Kijerumani, aliye mateka wao, anaandika majina ya watakaoadhibiwa baada ya vita. Kijana Pike anaimba akimdhihaki Hitler, na nahodha anamuuliza jina. Kapteni Mainwaring, kwa haraka ya kumlinda, anamwonya asilitaje, na katika kumwonya analitaja yeye.

Lakini katika kikosi hicho yumo mzee Jones, mwuza nyama, na hapo ndipo msomaji wa visiwani anapopaswa kuketi wima. Jones alipigana Sudan chini ya Kitchener. Hachoki kusimulia jinsi watu wa kule walivyolichukia singe la Mwingereza. Watazamaji wa London walicheka. Mimi kicheko hicho kilinikwama kooni mara ya kwanza, kwa sababu najua kilichotokea Omdurman tarehe 2 Septemba 1898: Wasudani zaidi ya 10,000 waliuawa siku moja kwa mizinga na bunduki za Maxim, na upande wa Kitchener hawakufika hata 50. Singe halikuwa na kazi kubwa. Na miaka miwili kabla yake, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za taifa hilo hilo zilizipiga mizinga kasri za Unguja kwa muda usiofika saa moja, na Beit al-Hukm ikawa kifusi.

Je, tumkataze mgeni asimtazame Jones? Nilifikiri hivyo, kisha nikatazama tena. Anayechekwa ni nani? Ni Jones, mzee anayetetemeka, anayechelewa kila amri, ambaye singe lake humkosakosa kapteni wake mwenyewe. Masimulizi yake ya Sudan wenzake wameyachoka. Humkatiza kabla hajamaliza. Himaya nzima imekuwa hadithi ya mzee ambayo hapana tena mwenye subira ya kuisikiliza. Hukumu hiyo waliitoa Waingereza wenyewe, juu ya nafsi zao. Ila Msudani katika hadithi hiyo hana jina wala sauti, na upungufu huo haufutwi na uzuri wa mchezo. Mgeni acheke, lakini ajue nani hayumo chumbani.

Kipimo hicho cha kuuliza ni nani anayechekwa ndicho ninachompa mgeni apimie mengine yote. Johnny Speight, katika Till Death Us Do Part, mchezo ulioanza 1965, alimuumba Alf Garnett, mbaguzi mwenye kelele, ili amfedheheshe. Watazamaji wengi walifahamu. Wengine walimshangilia Garnett kwa kuwasemea yaliyokuwamo vifuani mwao. Ukweli huo umewasumbua waandishi wa kejeli tangu hapo. Mind Your Language, ulioanza 1977, unajulikana zaidi kwetu Afrika Mashariki, kwa kuwa ulioneshwa sana Kenya. Darasa la wageni wanajifunza Kiingereza jijini London, na kila mmoja anachekwa kwa matamshi ya kwao. Tulicheka, na baadhi yetu bado tunacheka. Lakini mwalimu yule Mwingereza hachekwi kwa kutojua hata lugha moja ya wanafunzi wake. Kwa kipimo changu, mchezo huo umeshindwa.

Fawlty Towers, wa John Cleese na Connie Booth, umefaulu pale pale ulipoweza kushindwa. Una sehemu 12 tu, sita za 1975 na sita za 1979. Mwenye hoteli, Basil Fawlty, anawadharau wageni wa kawaida na kuwasujudia wenye vyeo, na humpiga mhudumu wake Manuel, wa Barcelona, kwa kutofahamu Kiingereza. Wahispania hawakuupokea kwa urahisi. Ulipopelekwa kwao, Manuel akageuzwa Mtaliana. Ila kila mara anayebaki na aibu mwisho wa sehemu ni Basil. Na Andrew Sachs, aliyemwigiza Manuel, alizaliwa Berlin 1930. Baba yake alikuwa Myahudi, na ukoo wao ulimkimbia Hitler mwaka 1938 ukaja London. Yule mtoto aliyefika nchi ya watu bila ya lugha ndiye aliyekuja kutuonesha mgeni asiye na lugha, kwa upole ambao hapana kofi lililoweza kuuondoa.

Yes Minister, wa Antony Jay na Jonathan Lynn, uwe wa mwisho, kwa kuwa huo wote ni maneno. Ulianza 1980, ukageuka Yes, Prime Minister mwaka 1986, ukamalizika 1988. Waziri Jim Hacker anataka kufanya jambo. Katibu Mkuu wake, Sir Humphrey Appleby, anahakikisha halifanyiki, kwa sentensi ndefu ambazo waziri huingia na hajui pa kutokea. Katika sehemu moja kuna hospitali mpya yenye watumishi wa ofisini 500 na haina mgonjwa hata mmoja, na Sir Humphrey anaitetea kuwa inaendeshwa vizuri sana. Cheo hicho cha Katibu Mkuu tuliachiwa sisi pia, na viti vyake, na mafaili yake. Msomaji wa pwani aliyepata kuambiwa "njoo kesho" dirishani hatahitaji maelezo.

Mgeni asichelewe, maana hata wenyewe hawakuitunza mali hii. Kanda za video zilikuwa ghali, na katika miaka ya 1960 na 1970 BBC ilizifuta ili izitumie tena. Sehemu nyingi za mwanzo za Hancock hazipo. Katika mfululizo wa pili wa Dad's Army, wa mwaka 1969, sehemu mbili zilizopotea zilirejeshwa 2001, na nyingine tatu hazijaonekana mpaka leo. Sisi ambao tenzi zetu zimeliwa na mchwa ndani ya masanduku tunaujua msiba huo.

Basi usiku wa kwanza na uwe wa The Offer. Kiingereza kingi hakihitajiki. Amjue baba, amjue mwana, na aliangalie lile gari lisilosogea. Akishindwa kucheka, asione haya. Wengi waliolitazama usiku ule wa Januari 1962 hawakujua kama wacheke au walie, na kesho yake walitaka kujua iwapo Harold ataondoka. Mpaka mchezo unamalizika mwaka 1974, Harold alikuwa bado yupo kwa baba yake.