Kabla Hujapanda Gari Lisilo na Dereva, Kumbuka Rhotia

Mtu wangu, siku hizi ukifungua simu hukosi video ya gari linalojiendesha lenyewe huko Marekani. Usukani unazunguka, kiti cha dereva hakina mtu. Watu wanauliza yatafika lini Bongo. Sisi wa Mbulumbulu tunaanza na swali jingine: nani kayapima?

Tuna sababu. Tarehe 6 Mei 2017, mvua ikinyesha, basi la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilikuwa linaleta watoto Karatu kufanya mtihani wa majaribio. Likatumbukia korongoni pale Rhotia Marera, jirani zetu kabisa. Walikufa watu 35: wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto watatu tu ndio walipona. Nchi nzima ililia.

Miaka hiyohiyo mabasi ya mikoani yakaanza kufungwa VTS, kifaa kinachotuma taarifa za mwendo wa basi kwa mamlaka, kwanza SUMATRA, halafu LATRA kuanzia 2019. Dereva akikanyaga mafuta kupita kiasi, ofisini wanamwona. Oktoba 2023 mabasi yakaruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya katazo la tangu miaka ya 1990. Safi. Ila wapo madereva waliojifunza kukichezea kifaa.

Sasa twende Arizona. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, mjini Tempe, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mama aliyekuwa anavuka barabara akisukuma baiskeli. Uchunguzi ukaonyesha kompyuta ilimnasa karibu sekunde 6 kabla, ikabaki inabadilisha mawazo: ni gari? Ni baiskeli? Breki ya dharura ya kiwandani ilikuwa imezimwa. Na mtu aliyewekwa ndani ili aokoe jahazi alikuwa anaangalia simu.

Umeona? Huku na kule mashine ilikuwepo. Kilichopwaya ni usimamizi.

Kwa hiyo siku yakija, tusiishie kupiga selfi. Tuulize: yamejaribiwa kwenye ukungu wa Karatu? Kwenye tope la masika? Mbele ya ng'ombe wanaokatiza bila kuangalia? Na matokeo yako wapi, tuyasome wenyewe? Imani haiji kwa tangazo, inakuja kwa majibu.

Wewe ungempakia mdogo wako humo aende shule?