Unyenyekevu na Mamlaka katika Barua za Diwani ya Salahuddin

Barua za serikali zilizoandikwa katika mabaraza ya watawala wa Kiarabu wa zama za kati zimezoeleka kusomwa kama vielelezo vya ufasaha tu: nathari yenye vina, dua ndefu na mfululizo wa lakabu. Mazoea hayo yana asili yake. Al-Qalqashandi (aliyefariki 1418), katika kitabu chake Subh al-A'sha, alizikusanya barua nyingi za aina hiyo ili ziwe mifano kwa makatibu, akazipanga kwa aina zake. Hivyo ufundi ulihifadhiwa, lakini mgogoro uliozaa kila barua ulififia.

Mgogoro huo waonekana wazi katika barua alizozipeleka Salahuddin bin Ayyub kwa khalifa wa Baghdad, ambazo nyingi zilitungwa na al-Qadi al-Fadil (1135–1200). Katibu huyu alijifunza kazi yake katika diwani ya Wafatimi, Cairo. Mwaka 1171, jina la khalifa wa Kifatimi lilipoondolewa katika hotuba ya Ijumaa na la khalifa wa Kiabbasi likatajwa mahali pake, kalamu ile ile iliyowatumikia Wafatimi ilitumika kuutetea utawala mpya.

Utawala huo ulihitaji kutetewa. Salahuddin, mtu wa ukoo wa Kikurdi, alifika Misri katika jeshi la Nur al-Din. Bwana wake alipofariki mwaka 1174, aliitwaa Damascus, ilhali mwana wa marehemu yu hai. Upanga uliweza kuiteka nchi; haukuweza kuhalalisha kuwapokonya Waislamu wenziwe. Kazi hiyo iliachiwa barua. Ndani yake Salahuddin ni mtumishi wa khalifa, na kila mji anaouteka ni utumishi mwingine. Mwaka 1175 khalifa alimthibitishia Misri na sehemu kubwa ya Shamu. Mwaka 1182, alipoielekea Mosul, barua ziliwashutumu watawala wake kwa kushirikiana na Wapiganaji wa Msalaba. Kadiri milki ilivyopanuka, ndivyo maneno ya unyenyekevu yalivyozidi kuwa ya lazima.

Baghdad haikudanganyika. Hata baada ya Yerusalemu kutwaliwa mwaka 1187, Khalifa al-Nasir li-Din Allah, aliyetawazwa mwaka 1180, alilalamika kwamba Salahuddin alijiita al-Malik al-Nasir, lakabu iliyoshabihiana na yake. Kwa hesabu ya miaka, Salahuddin alikuwa na haki: lakabu hiyo aliipata mwaka 1169, miaka 11 kabla ya khalifa huyo kutawazwa. Lakini aliipata alipofanywa waziri na khalifa wa mwisho wa Kifatimi, yaani kutoka katika baraza lile lile ambalo alijivunia kulifuta kwa ajili ya Waabbasi.

Basi lakabu moja ilibeba historia nzima ambayo barua ilikusudia kuisitiri. Kwa mwanahistoria, salamu na lakabu si utangulizi wa kurukwa. Aghalabu hapo ndipo hoja ya siasa inapoanzia.