Thairista mbovu hujulikanaje? Kutoka Inga hadi Suswa

Mmenizoea kwa mambo ya programu, lakini leo tuingie upande wa umeme. Kompyuta bila umeme ni sanduku tu!

Hapa Karurumo, upande wa Kyeni katika Embu, ukiuliza umeme unatoka wapi utaambiwa ni Mto Tana, yaani mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Ni kweli, ila si yote. Tangu Novemba 2022 gridi ya Kenya hupokea pia umeme wa Ethiopia kwa laini ya takriban kilomita 1,045 kutoka Wolayta Sodo hadi Suswa. Laini hiyo ina uwezo wa megawati 2,000 na hubeba mkondo mmoja, ule usiogeuka mwelekeo kama wa betri, kwa kilovolti 500. Ukifika Suswa lazima ugeuzwe uwe mkondo geu tunaoutumia nyumbani. Kinachofanya kazi hiyo ni thairista.

Thairista ni swichi ya silikoni isiyo na kitu kinachosogea. Ina sehemu tatu: anodi, kathodi na geti. Ukiipa geti umeme kidogo, mkondo mkubwa unapita, na hata ukiondoa ule wa geti unaendelea kupita mpaka wenyewe ushuke karibu na sifuri. General Electric ya Marekani iliitengeneza mwaka 1957. Kabla yake, laini ya Gotland huko Uswidi (1954) ilitumia vali za zebaki, ambazo mara nyingine zilipitisha umeme kinyume bila kutarajiwa. Mwaka 1970 Gotland ikaongezewa thairista.

Afrika haikukaa nyuma. Cahora Bassa ya Msumbiji ilianza kuuza umeme Afrika Kusini mwaka 1977, kilomita 1,420 kwa thairista. Mwaka 1982 Zaire ikazindua laini ya Inga hadi Kolwezi, kwenye migodi ya shaba ya Katanga (wakati huo Shaba). Ilikuwa ya takriban kilomita 1,700, ndefu kuliko zote duniani siku hizo.

Sasa tatizo. Thairista moja huhimili volti elfu chache tu, kwa hiyo hupangwa nyingi kwa mfululizo. Ile kubwa yenye umbo la kisahani ikiharibika, kwa kawaida haikati umeme. Inageuka kipande cha chuma kinachopitisha tu! Mitambo inaendelea kama kawaida, ila zilizobaki zinagawana mzigo wa ile iliyokufa. Zikifa nyingi, zilizobaki zinazidiwa na volti, na zinaweza kuvunjika kwa mfuatano. Ndiyo maana wahandisi huweka za akiba katika kila vali, na kila thairista hutuma ishara ya mwanga kupitia waya wa kioo kwamba bado ina volti juu yake. Asiyeitikia huhesabiwa mbovu, na hubadilishwa wakati wa matengenezo.

Je, fundi mwenye thairista moja mezani afanyeje? Kwanza, kile kisahani lazima kibanwe kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji. Kisipobanwa, miguso ya ndani haikamatani, na kizima kitaonekana kibovu. Pili, tumia mita: kati ya anodi na kathodi ukinzani uwe mkubwa pande zote mbili, ukikuta karibu na sifuri, imekufa. Kati ya geti na kathodi uwe mdogo.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo hatari ilipo. Mita hutumia volti chache, na thairista iliyochoka inaweza kufaulu kwa volti 9 na kufeli kwa volti 1,000. Kwa hiyo, tatu, mwenye ujuzi na kifaa cha volti kubwa apime uvujaji, bila kuzidi kiwango cha mtengenezaji.

Nne, ijaribu kama inawaka. Chukua betri ya volti 12 na balbu ya gari ya wati 21, weka chanya upande wa anodi, kisha gusa geti kwa chanya kupitia rezista. Balbu ikiwaka na kubaki inawaka baada ya kuachia geti, inafanya kazi. Balbu ndogo haifai: thairista kubwa inaweza kuhitaji mamia ya miliampea, hata zaidi, ili ishike. Ukitumia mkondo mdogo utaitupa nzima, na bei yake si ya mchezo.

Wanaprogramu wenzangu, tuna la kujifunza. Akiba huficha ubovu. Seva yenye diski mbili hufanya kazi vizuri siku ambayo moja imekufa, na hakuna atakayelalamika mpaka ya pili ife. Kwa hiyo usiulize tu kama mfumo unafanya kazi. Uliza kila kipande kimoja kimoja, na ukimya uuhesabu kuwa hitilafu.

Maswali yanakaribishwa. Tuonane wakati mwingine!