Daraja Lisiloyumba: Gitaa la Dansi Kati ya Arusha na Nairobi

Ndugu wa Kinyonga hawakukaa sana Arusha. Wilson na George walikuwa wakipigia Jamhuri Jazz Band ya Tanga tangu 1966. Mwaka 1970 walipanda kaskazini, wakawa na ndugu yao William, na Arusha Jazz ikazaliwa. Mwaka uliofuata walivuka mpaka wa Namanga, na huko Nairobi bendi ikajulikana kwa jina la Simba Wanyika. Kwa miaka 20 hivi watu wa pande zote mbili za mpaka walicheza kwa magitaa yao: solo likichambua, ridhimu likijaza, besi likisukuma kutoka chini.

Mtindo huo umejengwa juu ya noti fupi zinazopokezana. Solo likiacha nafasi, ridhimu linaingia. Uzito wa ridhimu ulionekana mwaka 1978, pale mpigaji wake, Omar Shabani, alipojitenga pamoja na wenzake na kuunda Les Wanyika, bendi iliyopata jina kubwa kwa haraka. Katika muziki wa namna hii gitaa moja likiteleza kidogo tu kwenye sauti, wimbo mzima unachacha.

Ndiyo maana daraja la gitaa, kile kipande kinachoshika nyuzi juu ya mwili wake, si jambo dogo. Mtengenezaji magitaa Leo Fender wa California alipoingiza sokoni gitaa la Stratocaster mwaka 1954, alijivunia daraja linalocheza. Lilikuwa bamba la chuma lililoshikwa kwa skrubu sita upande wa mbele. Chini yake kulikuwa na donge zito la chuma lililozama ndani ya mwili wa gitaa na kuvutwa na springi, hadi tano. Mpigaji akibonyeza mkono wa tremolo, nyuzi zinalegea na sauti inashuka. Akiuachia, springi zinairudisha. Hataza ilitoka 1956. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani mwingine, Floyd Rose, alibuni daraja linalofunga nyuzi kwa vibanio ncha zote mbili, likapendwa mno na wapiga roki.

Shida ya daraja kama hayo, linaloelea badala ya kulala juu ya mbao, ni mizani yake. Nyuzi sita za unene wa kawaida huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 45, na springi ndizo zinazoizuia nguvu hiyo. Uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo, springi zinashinda, daraja linalala nyuma, na nyuzi tano zilizobaki zinapanda sauti kwa pamoja. Gitaa la daraja tulivu likikatika uzi, mpigaji anamalizia wimbo kwa zile tano. Lenye daraja linaloelea humwaibisha papo hapo, mbele ya ukumbi uliojaa.

Kwa bendi za Tanzania za enzi hizo, nyuzi zenyewe zilikuwa za kuagiza, na vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. NUTA Jazz, iliyoundwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mashirika ya umma nayo yalijitosa: kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi yake, na Mlimani Park ya 1978 ikaja kushikwa na shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Super Matimila ya Remmy Ongala ilikuwa mali ya mfanyabiashara. Mwanamuziki alipohama, gitaa lilibaki likimsubiri mwingine, na kila mpigaji alikuwa na namna yake ya kulipiga.

Arusha ilikuwa na taabu ya ziada. Namanga iko kiasi cha kilomita 110 tu kutoka mjini, na Nairobi ndiko kulikokuwa na studio na viwanda vya santuri. Lakini Februari 1977 mpaka ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo, na njia haikufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Katikati ya hapo vita vya Kagera vilimaliza fedha za kigeni. Katika hali hiyo, chombo chenye springi na skrubu nyingi za kuharibika kilikuwa mzigo kuliko kile kilichotulia.

Leo vyombo vinaingia kwa wingi, na magitaa mengi ya bei nafuu yanayoigiza umbo la Stratocaster huja na tremolo. Kijana wa Sokon I, Arusha, anayelipiga gitaa hilo kanisani Jumapili huenda asiuguse mkono wa tremolo kamwe. Akitaka daraja tulivu, hahitaji kununua gitaa lingine. Njia rahisi ni kugeuza gitaa, kuondoa kifuniko cha nyuma, kuongeza springi zifike tano na kukaza skrubu mbili zinazoshika kibanio cha springi hizo, hadi bamba lilale barabara juu ya mbao.

Njia imara zaidi ni kabari. Seremala hukata kipande cha mninga au mbao nyingine ngumu, akakipima kijae kabisa kati ya lile donge la chuma na ukuta wa tundu upande wa mkiani. Springi hukazwa zikilivuta donge kuelekea shingoni, na kabari hulizuia lisirudi. Mpiga gitaa Mwingereza Eric Clapton alifanya vivyo hivyo kwenye Stratocaster zake. Baadaye nyuzi hutuniwa upya, urefu wake ukakaguliwa kwenye kila tandiko la daraja, kwa kuwa bamba lililokuwa limeinuka sasa limeshuka na nyuzi zimekaribia shingo.

Kabari inaweza kutolewa siku yoyote, na gitaa likarudia hali yake ya kiwandani. Wapo wanaoziba tundu lote kwa mbao na kufunga daraja lisilo na springi kabisa. Hiyo ni kazi ya gundi, msasa na rangi, na gharama yake inaweza kuizidi bei ya gitaa lenyewe.